Mapigo Matatu, Mikono Miwili

Nilianza kazi ya kupiga ngoma ndogo katika bendi ya shule siku ya Jumanne, tarehe 12 Februari 1974, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Naijua saa hiyo kwa sababu niliiandika kwenye daftari langu jioni ile ile, na niliiandika kwa sababu siku hiyo hakikutokea kingine cha kuandika. Nilikuwa kidato cha pili. Sasa niko kidato cha nne, na tangu Ijumaa iliyopita nimestaafu, maana watahiniwa hawaruhusiwi kushika fimbo za ngoma mpaka mitihani iishe, na mitihani ikiisha sisi hatutakuwepo. Nawaandikia ninyi mnaobaki. Haya nitayaacha kwenye kabati la bendi, rafu ya chini kabisa, mahali ambapo hapajapanguswa tangu nilipofika, kwa hiyo hayataibiwa.

Sitaeleza jinsi nilivyokuja kuwa kiongozi wa ngoma, wala cheti nilichopewa. Cheti kipo, kimebandikwa ukutani kwa Bibi, kinaziba ufa. Nataka kueleza jambo moja tu, lile mtakalokwama nalo, nalo ni tatu-tatu.

Kwanza nilivyopata kazi. Sikuchaguliwa kwa kipaji. Sheria ya shule mnaijua, kila mwanafunzi lazima awe na shughuli moja baada ya masomo. Wakati ule zilikuwa bustani, mijadala na bendi. Bustani ilijaa siku ya kwanza, kwa sababu watu wa bustani walirudi kwao na mchicha. Bendi ilikuwa ndogo. Mijadala ilikuwa na nafasi nyingi. Mijadala haijawahi kukosa nafasi.

Hapa inabidi niseme ukweli wangu. Mimi kusema mbele za watu siwezi. Si kwamba sitaki. Mwalimu akiniita nasimama, jibu ninalo, mdomo unafunguka, na hakitoki kitu. Kidato cha kwanza niliulizwa mji mkuu wa nchi yetu, ambao wakati ule ulikuwa hapo hapo tulipokaa, nikasimama mpaka kengele ikalia. Kwa hiyo mijadala kwangu haikuwa shughuli ya baada ya masomo. Ilikuwa hukumu.

Jumanne hiyo, Mwalimu Ngonyani aliingia darasani kwetu. Yeye ndiye mwalimu wa bendi, mtu wa Songea, mrefu, aliyewahi kupiga ngoma jeshini na ambaye mpaka leo anatembea kama kuna mtu nyuma yake anahesabu. Mpiga ngoma wake mmoja alikuwa amehamia Tanga na wazazi wake.

"Nataka mtu mmoja," alisema. "Nani humu hasemi sana?"

Darasa zima likaninyooshea kidole. Hata niliyekaa naye dawati moja.

"Wewe, jina lako nani?"

Sikujibu.

"Huyu huyu," akasema mwalimu. "Njoo."

Siku ya kwanza sikupiga hata mara moja. Alinivisha mkanda wa ngoma begani akaniambia nizunguke kiwanja, kushoto kulia, kushoto kulia, mikono chini. Nilizunguka mara kumi na moja. Alisema anayeanza kwa kupiga hajifunzi kutembea, na bendi isiyojua kutembea ni kelele tu. Ninyi anawazungusha mara ngapi sijui. Magoti yake siku hizi hayako sawa, huenda amepunguza kwa sababu naye huzunguka na mtu.

Wiki ya pili niligundua jambo ambalo halikuwa kwenye mafunzo. Ukiwa nyuma ya ngoma hakuna anayekuuliza swali. Unasimama mbele ya watu mia tano mstarini, wote wanakutazama, na hakuna anayetaka useme. Wanatazama ngoma. Mimi sikuwahi kusimama mbele ya watu mia tano nikiwa na furaha. Niliandika kwenye daftari: "Hapa sitoki."

Vifaa. Ngoma ndogo zilikuwa nne, kama sasa, na yangu ni ile yenye kiraka kwenye ngozi. Msiigombee, sauti yake si mbaya, ila mvua ikinyesha inalala. Fimbo tulichongewa na Fundi Mshamu, seremala wa Gerezani, mzee wa Kirufiji aliyekuwa akitumia miguu ya viti vilivyovunjika. Kwa hiyo fimbo zilikuwa ngumu kuliko ngoma. Nyumbani nilipiga juu ya kigoda nilichokigongomea kipande cha mpira wa tairi, masalio ya watu wanaoshona katambuga. Ukipiga tairi husikii sauti nzuri, kwa hiyo hujidanganyi.

Kwetu ni nyumba ya Bibi, Kariakoo, mtaa wa tatu kutoka sokoni. Soko siku zile lilikuwa bado linajengwa, na vumbi la saruji lilifika mpaka kwenye vitumbua. Nyumba ina vyumba sita, sisi vyumba viwili na wapangaji vinne, ukumbi katikati, ua nyuma. Nilipoanza kugonga kigoda uani, Bibi alitoka na mswaki mdomoni.

"Ngoma gani hiyo, Mwanaidi? Kuna harusi?"

"Hapana, Bibi."

"Kuna mwali anatolewa?"

"Hapana. Ya shule."

"Ngoma isiyo na harusi wala mwali," alisema Bibi. "Haya. Mnapigia nini sasa?"

"Maandamano."

Akarudi ndani kumalizia meno.

Mpaka mwezi wa nne nilijua mapigo yote ya kawaida. Hatua moja, pigo moja. Hatua moja, mapigo mawili: kulia kushoto, kulia kushoto. Hayo hata mtoto angeweza. Mwezi wa tano mwalimu alitupa wimbo mpya wa gwaride, wa maandamano ya mwezi wa saba, na katikati ya wimbo huo, filimbi zikipanda juu, ngoma ndogo zinatakiwa kupiga mapigo matatu katika kila hatua. Si mawili na nusu. Matatu, yaliyo sawa, ndani ya nafasi ile ile ambamo jana yalikaa mawili.

Alitufundisha kuhesabu hivi: "Mo-ja-na, mbi-li-na." Mguu wa kushoto unakanyaga kwenye "mo", wa kulia kwenye "mbi". Kila silabi pigo moja. Tuliimba kwanza bila ngoma, tukitembea. Kwa mdomo haina shida. Mkiwa mnaweza kwa mdomo msidhani mmeweza.

Tulipochukua fimbo, wote wanne tulifanya kosa moja. Tulipiga la kwanza, tukapumzika kidogo, halafu mawili ya mwisho tukayakimbiza: ta, tata. Ta, tata.

"Simama," alisema Mwalimu Ngonyani. "Hiyo si tatu-tatu. Hiyo ni moja imekaa na mbili zinakimbilia basi. Nataka watatu wanaotembea pamoja."

Kosa hilo mimi niliponea kwa Mama Kalisto. Huyu ni mpangaji wetu, mwenyeji wa Masasi, chumba cha mwisho karibu na bafu. Jumamosi yeye na mdogo wake walitwanga mahindi uani, na siku hiyo dada yao wa tatu hakuwepo, wakaniita nishike mchi wa tatu. Kinu kimoja, michi mitatu, kila mtu zamu yake. Nilianza kama nilivyozoea: nikachelewa kidogo, halafu nikakimbilia. Mchi wangu ukagongana na wa Mama Kalisto kwa kishindo.

"We binti! Unataka kunivunja vidole?"

"Samahani, mama."

"Usikae ukanisubiri, wala usinifukuze. Mimi nikishuka, huyu anapanda, wewe uko katikati. Haya. Mmoja, mmoja, mmoja."

Tulitwanga debe zima. Kufika nusu nilikuwa sihesabu tena. Kwenye kinu ukiwa si sawa unajua mara moja, huhitaji mwalimu. Jumatatu nikapiga tatu-tatu polepole mbele ya Mwalimu Ngonyani, akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Aa." Ni sifa. Akisema zaidi ya hapo ujue kuna mgeni.

Nikadhani nimemaliza. Polepole, ndiyo. Lakini gwaride halitembei polepole, na kila alipoongeza mwendo nilianza kuchechemea. Hatua ya kwanza ilikaa sawa, ya pili ikachelewa, ya tatu ikachelewa zaidi, na baada ya hatua nane nilikuwa nyuma ya bendi nzima kama mtu aliyesimama kununua karanga. Mkono wangu wa kulia uliuma mpaka begani. Nilifanya mazoezi zaidi. Ukazidi kuuma, nikazidi kuchelewa. Mwezi wa sita ukaanza.

Ijumaa moja, baada ya mazoezi, mwalimu alinibakisha.

"Mwanaidi. Wenzako watatu wanakwenda, wewe unabaki. Unajua?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Maandamano ni baada ya wiki tatu. Nakupa mpaka Ijumaa ijayo. Ukipiga kwa mwendo wa gwaride, ngoma ni yako. Ukishindwa, ngoma naipeleka kwa Tabia wa matoazi, na wewe nitakuombea nafasi mijadala."

Alifunga kabati. Halafu, nadhani kwa nia ya kunifariji, akasema, "Wana mada nzuri muhula huu. Jembe na kalamu, kipi bora. Wanatafuta msemaji wa tatu upande wa jembe."

Nilikwenda nyumbani kwa miguu nikiwa nahesabu siku. Usiku sikuandika kitu kwenye daftari isipokuwa neno "jembe".

Jumamosi Perpetua alinifuata nyumbani. Yeye alisimama kulia kwangu kwenye mstari wa ngoma, anaishi Ilala karibu na Mchikichini, na ndiye mtu pekee shuleni ambaye niliweza kuzungumza naye sentensi mbili mfululizo, hasa kwa kuwa zingine zote alizisema yeye. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akamenya chungwa.

"Mwana, nikwambie kitu? Lakini usiseme."

Kuniambia mimi nisiseme ni kama kumwambia samaki asiruke ukuta, lakini nikakubali.

"Ile ya tatu mimi siipigi."

"Huipigi vipi?"

"Siipigi. Napiga mbili, ya tatu naitikia kwa kichwa. Mwendo ukishakuwa mkali nani anasikia? Filimbi zinapiga kelele, ngoma kubwa inapiga kelele. Asha anafanya hivyo hivyo. Sofia pia. Ni wewe tu unayetaka kupiga zote tatu kama unalipwa."

"Wote?"

"Wote, shoga yangu. Ijumaa piga mbili, tikisa kichwa, umepita. Mijadala tuwaachie wenye midomo."

Alinipa nusu ya chungwa. Nilikula. Alipoondoka nilijaribu kwenye kigoda: mbili na kichwa, mbili na kichwa. Ni rahisi sana. Mkono hauumi kabisa. Nilipiga hivyo robo saa, na nakiri kwamba nilikuwa nimeshaamua. Kama mambo yangeishia hapo ningekuwa mpigaji mzuri wa kutikisa kichwa mpaka leo.

Kilichoniharibia ni fimbo. Jumatatu fimbo yangu ya kulia ilipasuka kichwani, nikaenda nayo Gerezani kwa Fundi Mshamu baada ya masomo. Alikuwa anapiga randa mlango, mbao zimemjaa kwenye nyusi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti wa ngoma. Imekufa tena?"

Nikampa. Akaitazama, akanyoosha mkono. "Nipe na nduguye niipime."

Nikampa ya kushoto. Akaziweka pamoja kwenye kiganja, akaziinua kwenye mwanga, akacheka bila sauti.

"Hebu njoo uone. Hizi nilikuchongea siku moja, mguu wa kiti mmoja. Hii imekuwa bibi kizee. Hii bado haijatoka ndani." Akaigusa fimbo ya kushoto, ambayo kichwa chake kilikuwa kinang'aa kama siku ya kwanza. "Hii ni ya tatu unaleta, na zote ni za kulia. Mimi nachonga mbilimbili, wewe unaziua mojamoja. Hiyo nyingine unaibeba ya nini?"

"Naipigia."

"Haijapiga kitu hii," alisema fundi. "Mimi mti naujua."

Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kigoda nikapiga polepole sana, nikitazama mikono yangu kama mikono ya mtu mwingine. Kulia, kushoto, kulia. Hatua ya pili: kulia, kushoto, kulia. Nikapiga tena. Kulia, kushoto, kulia. Kila hatua niliianza kwa mkono wa kulia. Maana yake mkono wa kulia ulipiga la mwisho la hatua hii na la kwanza la hatua inayofuata, mara mbili mfululizo, bila kupumzika, ilhali wa kushoto unapiga moja ukarudi kukaa. Polepole mkono unawahi. Kwa mwendo wa gwaride hauwahi, hata uwe mkono wa mpiga randa.

Mwalimu alikuwa ametuambia siku ya kwanza kabisa, "Mikono ipokezane." Tulisikia. Mapigo yakiwa mawili, mikono ikipokezana, wa kulia ndio unaoanza kila hatua, wala hujui kwamba ni bahati tu. Yakiwa matatu, mkono mmoja ukianza hatua hii, hatua ijayo lazima aanze mwenzake: kulia kushoto kulia, kushoto kulia kushoto. Hesabu ndogo. Mapigo matatu, mikono miwili. Kwenye kinu kila mchi ulikuwa na mtu wake, ndiyo maana sikuona.

Lakini pia sikuona kwa sababu nyingine, na hii naiandika kwa ajili ya wale watakaodhani ni ujinga wangu. Mimi katika maisha yangu sikuwahi kuona mkono wa kushoto ukianzisha jambo. Kupokea ni kulia, kutoa ni kulia, kula ni kulia, kuingia msikitini ni mguu wa kulia. Nilipokuwa mdogo, ukimpa Bibi kitu kwa kushoto alikuwa hakuoni wewe wala kitu. Anatazama ukuta mpaka ubadilishe. Mkono wa kushoto ulikuwa na kazi zake na hazikuwa za mbele za watu. Sasa mkono kama huo utauambiaje uanze, tena kwenye maandamano?

Nilikuwa na siku nne. Niliamua kuufundisha mkono wa kushoto kuongoza kwa kuupa kila kazi. Jumanne nilifagia ua kwa kushoto. Jumatano nilikuna nazi kwa kushoto, nikakuna na kidole. Kigodani nilipiga hatua za kushoto peke yake, kushoto kulia kushoto, nikisimama kila mara, mpaka mkono ukaacha kuomba ruhusa. Alhamisi asubuhi nilikuwa nakoroga uji wa Bibi.

"Mwanaidi."

"Bee."

"Mkono gani huo?"

Nikautazama. Ulikuwa wa kushoto na ulikuwa unakoroga vizuri sana.

"Ni... ni kazi ya shule, Bibi."

"Shule inakufundisha kupika uji kwa kushoto?"

"Ni ngoma. Ule wa kushoto lazima ujifunze kuanza."

Bibi alikaa kwenye mkeka. "Mimi nimekulea miaka kumi na tano. Miaka kumi na tano nakwambia kulia, Mwanaidi, kulia. Anakuja Mngoni mmoja na fimbo, miezi minne, umegeuka."

"Mwalimu hajasema kwenye uji, Bibi. Ni mimi."

"Basi ni afadhali. Kwenye ngoma yako isiyo na harusi, fanyeni mtakavyo. Chungu changu mkono huo hauugusi. Mwaga."

"Nimwage uji?"

Bibi alifikiri. Unga siku zile haukuwa wa kumwaga. "Wape watoto wa Mama Kalisto. Wao hawakuona."

Ijumaa ikafika. Saa tisa na nusu tulijipanga uwanjani, ngoma nne mbele: Asha, Sofia, mimi, Perpetua. Perpetua akaniinamia. "Mbili na kichwa," akanong'ona. "Usijifanye."

Nataka mjue kwamba mpaka pale nilikuwa sijaamua. Nilikuwa na njia mbili za kubaki na ngoma yangu. Moja ilikuwa rahisi na hakika. Nyingine nilikuwa nimeiweza kigodani jioni ya jana tu, mara nne kati ya sita.

Mwalimu alitoa mwendo, mwendo wenyewe, wa gwaride. Tukaondoka. Filimbi zikapanda, tukafika pale pa tatu-tatu. Mguu wa kushoto ukakanyaga, nikapiga kulia kushoto kulia, na kabla sijafikiri mkono wa kushoto ukaanza wenyewe hatua ya pili. Halafu wa kulia. Halafu wa kushoto. Hatua nane, mapigo ishirini na nne, hakuna lililochelewa, na mkono hauumi. Nilisikia ngoma yangu ikienda kama cherehani. Nilikuwa nataka kucheka.

"Simama!"

Tukasimama.

"Ngoma ndogo," alisema Mwalimu Ngonyani. Alipita mbele yetu, polepole. "Watatu mko pamoja. Mmoja ametofautiana." Akasimama mbele yangu. "Mwanaidi. Tena wewe."

Nilielewa kilichotokea. Wao walipiga mawili, mimi matatu. Watu watatu wakikosea pamoja wanasikika kama wimbo, na aliye sawa peke yake anasikika kama kosa.

"Mimi nilikupa muda," alisema mwalimu, na hakusema kwa ukali, jambo lililokuwa baya zaidi. "Vua mkanda. Tabia, weka matoazi chini, uje."

Perpetua alikuwa anatazama viatu vyake. Tabia alianza kuja. Bendi nzima ilinitazama, watu ishirini na wawili, na safari hii hawakutazama ngoma. Mdomo wangu ulifunguka kama kawaida yake. Nilitegemea hakitatoka kitu.

"Mwalimu, naomba tupige mmoja mmoja."

Sijui kama nilisema kwa nguvu. Tabia alisimama alipokuwa. Mwalimu alinitazama kama ngoma ndiyo iliyosema.

"Rudia."

"Mmoja mmoja," nikasema. "Kwa mwendo huu huu. Wote wanne."

Akageuka. "Asha. Tatu-tatu, hatua nane. Mo-ja-na..."

Asha alipiga mbili akatikisa kichwa, mbili akatikisa kichwa, na katika ukimya ule vichwa vilionekana vizuri sana. Alifika hatua ya nne akaacha mwenyewe. Sofia alijaribu kupiga zote tatu, akachechemea, akasimama hatua ya tano. Mimi nikapiga zote nane. Perpetua hakupiga. Aliweka fimbo zake juu ya ngoma.

Mwalimu Ngonyani alitembea mpaka mwisho wa mstari akarudi.

"Wewe umefanyaje?" aliniuliza.

Nikamwonyesha mikono, lakini akatikisa kichwa. "Sema."

Basi nikasema. Nilieleza kulia na kushoto, nani anaanza, nani anapokea, na fimbo za Fundi Mshamu. Mwalimu akachukua fimbo za Sofia akazitazama vichwani. Akachukua za Asha. Za Perpetua akazitazama muda mrefu.

"Kumbe," alisema. "Kumbe bendi yangu ina mikono minne inayofanya kazi, na kupe wanne wa kushoto wanaonyonya jasho lao. Na mimi nimesimama hapa tangu mwezi wa tano sikuona. Nilisikia mmoja anachelewa, nikadhani ndiye mbovu." Akarudisha fimbo. "Sasa huyu mmoja amefukuza wake. Bado watatu. Tabia, rudi kwenye matoazi yako."

"Na sisi?" aliuliza Asha.

"Ninyi mlistahili mijadala wote. Lakini sina wapiga ngoma wengine, na mijadala haijanikosea kitu. Kesho saa mbili asubuhi mtakuja hapa. Mwanaidi atawafundisha."

"Mimi?" nikasema.

"Uliyesema ni nani?"

Tulipokuwa tunarudisha ngoma kabatini, Perpetua alinipita bila kunigusa. Mlangoni akageuka.

"Umeniuza, Mwana. Kwa ngoma yenye kiraka."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa jibu zuri, na lilifika saa moja baadaye nikiwa nimekaa ukumbini peke yangu. Nililiandika kwenye daftari, na nililifuta, kwa sababu sehemu yake ilikuwa kweli. Ngoma ile niliitaka kuliko nilivyotaka kunyamaza kwa ajili ya Perpetua.

Yaliyofuata mnayajua kwa kusimuliwa: maandamano, na miaka miwili ya mazoezi, na wengine walioingia na kutoka. Hayana la kujifunza. Nikianza kuyaeleza nitakuwa najisifu, na wino umebaki kidogo. Naishia asubuhi ile ya Jumamosi.

Niliamka saa kumi na moja, nikaswali, nikanywa chai. Njiani niliyapanga maneno ya kuanzia, nikayarudia kwa sauti ya chini mpaka mchukuzi mmoja mwenye mkokoteni akaniuliza kama naumwa. Saa mbili kasoro kumi nilifungua kabati nikatoa ngoma nne nikazipanga chini ya mkuyu wa uwanjani. Asha alifika wa kwanza, kisha Sofia. Tukakaa. Saa mbili ikapita. Saa mbili na robo Perpetua akaingia getini, mikono amekunja kifuani, akavaa mkanda wa ngoma yake bila kunisalimia, akasimama kulia kwangu, mahali pake.

Maneno yote niliyoyapanga yakawa yameondoka.

"Fimbo za kulia wekeni chini," nikasema.

Asha akaweka. Sofia akaweka. Perpetua akanitazama, akaishika ya kwake kidogo zaidi, halafu akainama akaiweka kwenye majani. Nikaweka na yangu. Nikaanza kuhesabu, kwa sauti.